Gari la Mwaka la Ulaya

Gari la Mwaka la Ulaya ni tuzo ya kimataifa inayotolewa kila mwaka kwa modeli mpya ya gari iliyoingia katika soko la Ulaya. Ilianzishwa na majarida ya magari ya nchi mbalimbali za bara hilo, na gari la kwanza kushinda lilikuwa Rover 2000 ya Uingereza mwaka 1964. Washindi huchaguliwa kwa kura za waandishi wa habari za magari. Kampuni zinazotengeneza magari hazipigi kura, wala wanunuzi.

Tuzo hii ni kati ya zile zinazojulikana zaidi duniani katika sekta ya magari, na pia kati ya zile zinazobishaniwa zaidi. Karibu kila mwaka wapenzi wa magari hugawanyika kuhusu mshindi, na washindi wengine wanaendelea kubishaniwa miaka 50 baada ya kutangazwa. Chanzo kikubwa cha mabishano hayo ni tofauti ya wakati: waamuzi hulipima gari likiwa jipya, ilhali wenye magari huliamua baada ya kuishi nalo kwa miaka mingi.

Historia

Katika miaka ya kwanza washindi wote walikuwa magari ya kampuni za Ulaya. Rover 2000 ilifuatwa na Austin 1800 (1965), Renault 16 (1966), Fiat 124 (1967), NSU Ro 80 (1968) na Peugeot 504 (1969). Mengi yalikuwa magari ya familia, kwa sababu ndiyo yaliyouzwa kwa wingi. Porsche 928, iliyoshinda mwaka 1978, ilikuwa gari la kwanza la michezo kupata tuzo hii.

Modeli ya kwanza yenye jina la Kijapani kushinda ilikuwa Nissan Micra mwaka 1993, ingawa ilitengenezwa Sunderland nchini Uingereza. Toyota ilifuata kwa Yaris (2000) na Prius (2005). Nissan Leaf ya mwaka 2011 ilikuwa gari la kwanza linalotumia umeme pekee kupewa tuzo. Kia EV6 iliipatia Korea Kusini ushindi wake wa kwanza mwaka 2022.

Kwa miaka mingi mshindi alitangazwa mwishoni mwa mwaka uliotangulia ule wa tuzo. Kuanzia mwaka 2012 matokeo yalitangazwa mjini Geneva, Uswisi, wakati wa maonyesho ya magari. Mwaka 2025 tangazo lilifanyika katika maonyesho ya Brussels, Ubelgiji, ambako Renault 5 na ndugu yake Alpine A290 zilishinda kwa pamoja kama modeli moja.

Jinsi ya kumchagua mshindi

Jopo la waamuzi lina takriban watu 60 kutoka nchi zaidi ya 20 za Ulaya. Nchi zenye soko kubwa la magari, kama vile Ujerumani, Ufaransa, Uingereza, Italia na Hispania, zina waamuzi wengi kuliko nchi ndogo. Orodha ya magari yote mapya ya mwaka hupunguzwa kwanza hadi magari machache, kwa kawaida 7, ambayo huingia katika duru ya mwisho.

Katika duru hiyo kila mwamuzi ana alama 25 za kugawa, naye hufuata masharti yafuatayo:

- alama zigawiwe kwa magari yasiyopungua 5;
- gari moja lisipewe zaidi ya alama 10;
- gari moja tu liwe la kwanza kwa kila mwamuzi, yaani asiweke magari mawili kileleni kwa alama sawa.

Mambo yanayoangaliwa ni pamoja na umbo, starehe, usalama, matumizi ya mafuta au umeme, jinsi gari linavyotulia barabarani, athari kwa mazingira na bei. Ubunifu wa kiufundi na thamani ya gari kulingana na bei yake hupewa uzito mkubwa. Kura ya kila mwamuzi hutangazwa kwa jina lake pamoja na sababu zake.

Athari ya hesabu

Wapenzi wa magari mara nyingi hulalamika kwamba tuzo huenda kwa gari "la katikati", yaani gari ambalo halimuudhi mtu lakini pia halimsisimui mtu. Masharti ya kupiga kura yanaeleza sehemu ya jambo hilo.

Tuseme kuna waamuzi 60. Gari la kwanza linapewa alama 10 na nusu yao, na nusu nyingine haiwezi kulivumilia na hailipi hata alama moja. Gari hilo linapata alama 300. Gari la pili linapewa alama 6 na kila mwamuzi. Hata kama hakuna aliyeliweka katika nafasi ya kwanza, linapata alama 360 na kushinda. Kwa hiyo mfumo huu hulipendelea gari linalokubalika kwa wengi kuliko gari linalopendwa mno na wachache. Gari la michezo la viti viwili, au gari la umbo lisilo la kawaida, huanza mashindano likiwa na mzigo.

Wanaoutetea mfumo husema kwamba hilo ndilo lengo. Waamuzi kutoka Ureno hadi Ufini wana barabara, hali ya hewa na bei za mafuta tofauti, na gari linalowaridhisha wote lina uwezekano mkubwa wa kumfaa mnunuzi wa kawaida.

Tofauti ya alama pia inaweza kuwa ndogo sana. Mwaka 2001 Alfa Romeo 147 ilipata alama 238 na Ford Mondeo 237. Mwaka 2009 Opel Insignia iliishinda Ford Fiesta kwa alama 321 dhidi ya 320. Katika hali kama hizo, mwamuzi mmoja akibadilisha mawazo, historia huandikwa vingine.

Washindi waliobishaniwa zaidi

NSU Ro 80 (1968)

Ro 80 ndiyo mfano unaotajwa kwanza katika karibu kila mjadala. Gari hili la Ujerumani lilikuwa na umbo linalokata upepo vizuri, breki za diski kwenye magurudumu yote manne, na injini ya Wankel. Injini ya aina hiyo haina pistoni zinazopanda na kushuka. Ina rota ya pembe tatu inayozunguka ndani ya chumba chake. Ilikuwa laini na kimya kuliko injini za kawaida.

Baada ya gari kuuzwa, sili zilizoko kwenye ncha za rota zilianza kuchakaa mapema. Injini nyingi zilikufa zikiwa bado ndani ya muda wa dhamana, na kampuni ililazimika kuzibadilisha kwa gharama yake. Mwaka 1969 NSU iliunganishwa na Auto Union chini ya Volkswagen. Ro 80 iliendelea kutengenezwa hadi mwaka 1977, lakini jumla yake ilikuwa takriban magari 37,000 tu.

Wakosoaji husema jopo lilizawadia gari bovu. Wengine hujibu kwamba waamuzi hawakuwa na njia ya kujua mwisho wa sili hizo baada ya majaribio ya siku chache, na kwamba katika umbo Ro 80 ilikuwa mbele ya wakati wake. Sedani nyingi za miaka ya 1980, ikiwemo Audi 100 iliyoshinda mwaka 1983, zilifuata njia hiyo hiyo ya kupunguza ukinzani wa upepo.

Citroën CX (1975)

Mwaka huo Citroën CX ilipata alama 229 na Volkswagen Golf ya kwanza ikawa ya pili kwa alama 164. CX ilikuwa na mfumo wa kubeba gari unaotumia mafuta na gesi badala ya springi za chuma, na wengi waliiona kama gari la starehe lisilo na mfano. Golf ilikuwa gari dogo lenye umbo la kisanduku. Leo CX zilizotengenezwa zinahesabika kuwa zaidi ya milioni 1, na Golf za vizazi vyote zimepita milioni 35. Kwa anayepima kwa mauzo, jopo lilikosea. Kwa anayepima kwa ubunifu wa mwaka 1974, uamuzi bado unaeleweka. Golf yenyewe ilikuja kushinda kwa vizazi vyake vya baadaye, mwaka 1992 na 2013.

Fiat Uno (1984)

Fiat Uno iliishinda Peugeot 205 kwa alama 346 dhidi ya 325. Hapa mambo yamegeuka: Uno iliuzwa zaidi, lakini 205, hasa toleo lake la GTI, ndiyo inayokumbukwa na kutafutwa na wakusanyaji wa magari ya zamani. Mfano huu huonyesha kwamba mauzo na mapenzi ya watu si kipimo kimoja.

Jaguar I-Pace (2019)

Kwa mara ya kwanza magari mawili yalilingana kileleni. Jaguar I-Pace, gari la umeme, na Alpine A110, gari jepesi la michezo, yalipata alama 250 kila moja. Kanuni ilisema mshindi awe gari lililowekwa nafasi ya kwanza na waamuzi wengi zaidi. Jaguar ilikuwa na waamuzi 18 na Alpine 16. Wapenzi wengi wa kuendesha waliona Alpine imeonewa. Mjadala ulifufuka baada ya betri za baadhi ya I-Pace kugundulika kuwa na hatari ya kuwaka moto. Mwaka 2024 kampuni iliamua kuyanunua tena magari zaidi ya 2,700 ya mwaka 2019 nchini Marekani.

Suala la uaminifu

Hoja nyingine inayorudi kila mwaka ni kama waamuzi wako huru. Ni desturi katika uandishi wa habari za magari kwamba kampuni hugharimia safari na hoteli za waandishi wakati wa kuzindua modeli mpya, na majarida mengi hutegemea matangazo ya kampuni hizo hizo. Kutangaza kura kwa majina hakuondoi shaka hiyo, lakini humwezesha msomaji kuona nani alimpa nani alama ngapi na kwa sababu gani, na kulinganisha kura za mwamuzi huyo mwaka hadi mwaka.

Umuhimu wa uwazi ulionekana katika tuzo nyingine, Gelber Engel (yaani "Malaika wa Njano"), iliyotolewa na ADAC, chama cha wenye magari cha Ujerumani chenye mamilioni ya wanachama. Mnamo Januari 2014 ilibainika kwamba idadi ya kura za wasomaji ilikuwa imeongezwa. Volkswagen Golf ilitangazwa kuwa imepata kura 34,299, kumbe kura halisi zilikuwa 3,409. Mkuu wa mawasiliano wa chama alijiuzulu, na mwezi uliofuata rais wa chama akaondoka. Uchunguzi wa nje ulionyesha kwamba hata mpangilio wa nafasi ulikuwa umechezewa. Kampuni kubwa za Ujerumani zilitangaza kurudisha tuzo walizopewa. Katika tuzo hiyo hakuna aliyeweza kuzihesabu kura kutoka nje.

Nchini Marekani jarida la Motor Trend, ambalo limekuwa likitoa tuzo yake tangu mwaka 1949, hukumbushwa mara kwa mara kuhusu Chevrolet Vega ya mwaka 1971. Gari hilo lilipata sifa mbaya kwa kutu na kwa injini ya alumini iliyochemka.

Uhusiano na Afrika Mashariki

Baadhi ya washindi wanajulikana vizuri Afrika Mashariki, wakati mwingine kwa majina mengine. Toyota Yaris iliyoshinda mwaka 2000 iliuzwa Japani kwa jina la Vitz, na ndiyo Vitz iliyoenea katika barabara za Dar es Salaam, Nairobi na Kampala baada ya kuagizwa ikiwa imetumika. Nissan Micra ya mwaka 1993 ni gari lile lile linaloitwa March nchini Japani.

Peugeot 504 ilipata umaarufu mkubwa zaidi. Ilishinda mashindano ya Safari Rally mwaka 1975 ikiendeshwa na Ove Andersson, na tena mwaka 1978 ikiendeshwa na Jean-Pierre Nicolas. Iliunganishwa nchini Kenya na Nigeria, ikatumika kama teksi za masafa marefu, na iliendelea kutumika barani Afrika muda mrefu baada ya Ulaya kuiacha. Hapa ndipo tofauti ya vipimo inapoonekana wazi. Jopo la mwaka 1969 liliipima kama gari jipya la familia kwenye lami. Madereva wa Afrika waliipenda kwa uimara wake kwenye barabara za vumbi na mashimo, na kwa sababu fundi wa kawaida aliweza kuitengeneza.

Kwa mnunuzi wa gari lililotumika, tuzo ni taarifa kuhusu siku gari lilipozaliwa. Upatikanaji wa vipuri, urefu wa gari kutoka ardhini na uzoefu wa mafundi wa mahali pake ni mambo ambayo jopo la Ulaya halikuyapigia kura.

Ushindi kwa kampuni

Hadi mwaka 2025 kampuni zilizoshinda mara nyingi zaidi zilikuwa:

- Fiat: mara 9
- Renault: mara 8
- Peugeot: mara 6
- Ford: mara 5
- Opel: mara 5
- Volkswagen: mara 4
- Citroën: mara 3
- Toyota: mara 3

Renault Clio (1991 na 2006) ilikuwa modeli ya kwanza kushinda mara mbili. Hadi mwaka huo wa 2025 BMW haikuwa imeshinda hata mara moja, jambo ambalo mashabiki wake hulitaja kila tuzo inapotangazwa.