Kupima Pumzi kwa Kazi za Kila Siku

Mtu mwenye maradhi ya mapafu ya siku nyingi akiulizwa, "Je, wapata shida ya pumzi?" mara nyingi hujibu, "La, sina shida." Hasemi uongo. Shida ilimjia polepole, naye akaikwepa polepole: kwanza aliacha kupanda mlima, kisha akaacha kubeba ndoo iliyojaa, na sasa humtuma mjukuu kisimani. Aketiye barazani hatweti. Basi twaona yafaa kumwuliza hivi: ni kazi gani ulizozifanya zamani ambazo leo huzifanyi, na kwa sababu gani?

Jambo hili lilichunguzwa sana huko Wales, nchi ya machimbo ya makaa ya mawe, ambako vumbi liliharibu mapafu ya wachimbaji wengi. Mwaka 1945 kilianzishwa kituo cha kuchunguza maradhi hayo karibu na Cardiff, na mkuu wake wa kwanza alikuwa Daktari Charles Fletcher. Mwaka 1952 alitangaza kipimo cha daraja 5, ambacho waganga hukitumia hata leo. Hakitaki chombo chochote ila kuuliza na kusikiliza.

Mtu wa daraja ya 1 hatweti ila kwa kazi nzito. Wa daraja ya 2 hutweta akienda haraka mahali tambarare, au akipanda kilima kidogo. Daraja ya 3 yataka macho, maana hapo ndipo watu hujificha: huyu huenda polepole kuliko rika lake, au husimama apumue ijapokuwa anakwenda kwa mwendo wake mwenyewe. Watazameni watu warudipo sokoni. Yule asimamaye kila mara kumwamkia jirani, pengine si adabu tu, anatafuta pumzi. Wa daraja ya 4 husimama akiisha kwenda yadi 100 hivi, karibu na urefu wa kiwanja cha mpira. Wa daraja ya 5 hatoki nyumbani, au hutweta kwa kuvaa nguo tu.

Kwetu wengi waliudhiwa na tumbaku, au na moshi wa kuni. Mama aliyepika miaka mingi katika jiko lisilo na dirisha aulizwe habari za kutwanga na kuanika nguo, kwa kuwa kazi ya kuinua mikono hutumia misuli ya mabega isaidiayo kuvuta pumzi, naye huchoka upesi.

Kipimo hiki chaonyesha uzito wa shida, wala hakitaji ugonjwa. Moyo dhaifu na upungufu wa damu navyo hutwetesha watu. Kwa hiyo andikeni daraja na tarehe, mwulizeni tena baada ya miezi michache, na karatasi hiyo apelekewe mganga wa hospitali. Lakini mtu akitweta ghafula hali ameketi, au midomo yake ikigeuka rangi ya samawati, msingoje kuandika. Mpelekeni hospitali saa ile ile.