Kompyuta ziko nyingi, shida ni kujua ipi haina kazi

MSIMU wa kulima ukifika, mkulima mwenye ekari tano huzunguka akitafuta trekta la kukodi. Matrekta yapo. Kinachomsumbua ni kujua lipi halina kazi leo. Wataalamu wa kompyuta nao wamehangaika na jambo hilo hilo kwa miaka mingi, maana mashine nyingi za ofisini na majumbani hukaa zimewashwa bila kufanya lolote.

Mwaka 1988 Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, kilianza kutumia programu iitwayo Condor. Humo kila kompyuta hutangaza uwezo wake na kama ina nafasi, kazi nayo hutangaza inachohitaji, kisha dalali mmoja huzikutanisha. Mwenye mashine akigusa kibodi, kazi ya mgeni hupisha.

Dalali akikwama, kazi mpya zinasubiri. Gnutella, mtandao wa kubadilishana mafaili ulioanza mwaka 2000, haukuwa na dalali. Kila kompyuta iliuliza majirani, nao wakauliza majirani zao, hadi swali moja likazaa maelfu na kuziba njia. Mwaka 2001 ukatolewa utaratibu wa Chord, ambao kila mashine hukumbuka wenzake wachache waliopangwa kwa hesabu. Penye mashine milioni moja, swali hufika kwa hatua zipatazo 20 au pungufu. Hata hivyo, Chord hueleza kitu kiko kwa nani. Kama mwenyewe ana nafasi saa hii ni habari nyingine, nayo huchacha upesi kama maziwa.

Mradi wa SETI@home wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, uliochambua mawimbi ya redio kutoka angani, uligeuza mambo. Kuanzia Mei 1999, kompyuta iliyokuwa haina kazi ndiyo iliyobisha hodi kituoni kuomba. Mamilioni ya watu walijiunga kabla ugawaji wa kazi haujasitishwa Machi 2020. Kazi moja ilipewa zaidi ya mashine moja ili majibu yalinganishwe. Kwa mtindo huo huo, Taasisi ya Tropiki ya Uswisi ilipata kompyuta za kukokotoa jinsi malaria inavyoenea.

Wenye mashine hawakulipwa, na umeme ulikuwa wao. Kompyuta inayokokotoa hula umeme zaidi ya iliyotulia, kwa hiyo mwenye duka la intaneti anayenunua LUKU asihesabu nafasi hiyo kuwa ya bure.