Dharau Ndogondogo katika Wodi ya Watoto: Utambuzi na Mwitiko katika Kisii na Nyamira

Utangulizi

Wahenga walisema kuwa maneno makali hayavunji mfupa. Methali hii huwafaa watu wazima wanaogombana sokoni kisha wakaagana. Katika wodi ya watoto haifai. Humo neno moja laweza kumnyamazisha muuguzi aliyegundua kosa la dozi, au mama aliyetaka kusema kwamba mtoto alinyweshwa mitishamba usiku. Anayelipia ukimya huo ni mtoto asiyeweza kujisemea. Makala haya yanaeleza jinsi dharau ndogondogo zinavyojitokeza mahali pa kazi panapotibiwa watoto, yakitoa mifano kutoka mazingira ya kaunti za Kisii na Nyamira, na kupendekeza namna ya kuziitikia.

Dhana na istilahi

Dhana hii iliasisiwa mwaka wa 1970 na Chester Pierce, daktari wa maradhi ya akili katika Chuo Kikuu cha Harvard, alipoeleza madhila madogo ya kila siku waliyotendewa Wamarekani weusi. Mwaka wa 2007, Derald Wing Sue na wenzake waliyagawa katika makundi matatu: shambulio la makusudi, tusi fiche, ambalo msemaji mara nyingi halitambui, na ukanushaji, yaani kumwambia aliyeumia kwamba hakuna lililotokea.

Kiswahili kina kebehi, kijembe na simango. Hata hivyo, mpiga kijembe hukusudia kuchoma, ilhali mwenye tusi fiche huenda akadhani anasifu au anatania. Ndiyo maana makala haya yanatumia istilahi "dharau ndogondogo". Uradidi katika neno hilo unabeba maana mbili kwa pamoja: udogo wa kila tukio, na wingi wa matukio yenyewe. Tone moja halilowanishi nguo, lakini manyunyu ya kutwa hulowanisha.

Utambuzi

Mahali pa kwanza pa kutazama ni vitajo. Daktari wa kike huitwa "sista" na wazazi, na pengine na wahudumu wenzake, huku muuguzi wa kiume aliye kando yake akiitwa "daktari". Kuitwa sista si aibu, kwani uuguzi una heshima yake. Kasoro ni kukisia cheo kwa kutazama jinsia. Dharau hukamilika mzazi anaposikiliza maagizo ya daktari huyo, kisha akamgeukia mwanafunzi wa kiume ili ayathibitishe. Vilevile, baba aliyemleta mtoto kliniki huulizwa, "Kwani mama yake yuko wapi?" kana kwamba malezi hayamhusu. Naye mama anayeitwa "kitanda namba saba" wiki nzima hujiona kuwa sehemu ya samani za wodi.

Pili ni lugha. Hospitali za eneo hili hupokea Abagusii pamoja na majirani wao Wajaluo, Wakipsigis na Wamaasai, na wahudumu hutoka pembe zote za nchi. Wahudumu wanapopokezana zamu kwa Ekegusii mbele ya mwenzao asiyekielewa, humtenga, hata kama hawakunuia. Kwa upande mwingine, nyanya aliyemleta mjukuu hukemewa, "Hata Kiswahili hujui?" Mama akisema mtoto "harari", wapo wanaocheka. Wangejua kwamba Ekegusii hakina sauti /l/, na kwamba kitenzi chake cha kulala ni korara, wangeona kuwa huo ni uhawilisho wa kawaida wa lugha ya kwanza, wala si ujinga.

Mfano mwingine ni neno "baba". Katika Ekegusii, baba ni mama; mzazi wa kiume ni tata. Mtoto aliaye "baba!" anapodungwa sindano anamtaka mama yake. Mhudumu mgeni akimjibu, "Baba hayuko hapa," na kuongeza kwa mzaha kwamba mtoto hawajui hata wazazi wake, atakuwa amemnyima mtoto faraja na kumtweza mama kwa sentensi moja.

Tatu ni ukimya. Robert LeVine na wenzake, wakiwemo madaktari wa watoto, walifanya utafiti miongoni mwa Abagusii katika miaka ya 1974 hadi 1976. Kitabu chao cha mwaka wa 1994 kinaonyesha kwamba akina mama hao walitilia mkazo kumlinda mtoto mchanga, kumlisha na kumtuliza, kuliko kumsemesha na kumtazama machoni. Huo ulikuwa mtindo wa malezi wenye mantiki yake. Aidha, desturi ya chinsoni huweka mipaka ya staha baina ya vizazi, hasa kati ya mke na baba mkwe. Mama kijana akiulizwa habari za kunyonyesha mbele ya baba mkwe, huenda akainamisha kichwa. Kumwandika kuwa "mama asiyejali" ni kusoma adabu kana kwamba ni uzembe.

Kwa nini ni suala la tiba

Mwaka wa 2015, Arieh Riskin na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio lililohusisha timu 24 za wahudumu wa watoto wachanga nchini Israeli. Timu zilizosikia maneno ya ufidhuli kutoka kwa mgeni zilifanya vibaya zaidi katika kutambua ugonjwa na katika kutekeleza matibabu, kwani wahudumu walipunguza kupashana habari na kuombana msaada. Mgonjwa katika jaribio hilo alikuwa wa kuigiza. Wodini mgonjwa ni mtoto halisi.

Mwitiko

Aliyedharauliwa anaweza kuanza kwa swali lisilo na ukali: "Samahani, ulikuwa na maana gani?" Swali hilo humrudishia msemaji maneno yake ayapime. Shahidi naye asinyamaze. "Huyu ndiye daktari wa zamu, mama, maelezo yake ndiyo tutakayofuata," yatosha kurekebisha mambo bila kumwaibisha mzazi. Aliyekosea na aombe radhi kwa ufupi. Kusema "nilikuwa natania" ni kuongeza ukanushaji juu ya tusi.

Hata hivyo, uwezo wa kujibu haulingani. Mwanafunzi wa uuguzi hawezi kumkosoa daktari mkuu kama anavyomkosoa mwenzake. Ni heri amhudumie mtoto kwanza, aandike tarehe na maneno yaliyotamkwa, kisha amwone msimamizi wa wodi. Msimamizi naye asimwachie mnyonge mzigo wote: ahakikishe kila mhudumu ana kitambulisho chenye jina na cheo, zamu zinapokezanwa kwa lugha ya wote, na kila mzazi anaulizwa angependa kuitwa nani. "Mama Kerubo" halichukui muda mrefu kuliko "kitanda namba saba".

Sheria inaunga mkono haya. Kifungu cha 28 cha Katiba ya mwaka wa 2010 kinalinda utu wa kila mtu, na Sheria ya Afya ya mwaka wa 2017 inamtaka mhudumu, inapowezekana, amweleze mgonjwa kwa lugha anayoielewa.

Hitimisho

Si kila neno kali ni dharau. Mhudumu aliyekesha na wagonjwa wengi huchoka, naye anastahili kusikilizwa. Lakini uchovu hueleza kosa bila kulifuta. Wanafunzi wa isimujamii wana kazi hapa. Orodha fupi ya vitajo vya heshima na maneno ya maradhi katika Ekegusii na Kiswahili, ikibandikwa katika chumba cha wauguzi, ingemwezesha mgeni kujua mtoto anamwita nani anapolia "baba".