Kijana wako akilalamika viungo, usikimbilie kumwita mvivu

Msimu wa kuvuna alizeti mkoani Singida, ni kawaida kijana wa miaka 20 kurudi nyumbani jioni akijishika kiuno. Mzazi humchemshia maji ya kuoga, humpa dawa ya kuchua na kumwambia atazoea. Mara nyingi mzazi huwa hajakosea. Misuli iliyofanya kazi isiyoizoea huuma kwa siku mbili tatu, kisha hupoa ndani ya wiki.

Shida huanza pale wiki zinapopita na maumivu hayaondoki. Kijana akishindwa kwenda shamba anaitwa mvivu, akisisitiza kuwa anaumwa anaambiwa ni baridi. Mwisho anaishia kununua vidonge vya maumivu dukani. Vidonge hivyo hutuliza, lakini haviondoi chanzo, na vikimezwa mfululizo vinaweza kuleta vidonda vya tumbo na kudhuru figo.

Maumivu ya viungo si ugonjwa mmoja. Angalia yanaambatana na nini.

Homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku na maumivu ya mgongo au nyonga vinaweza kuwa brusela, ugonjwa unaofanya ng'ombe na mbuzi watupe mimba. Huwapata wanaokunywa maziwa mabichi au kuzalisha mifugo kwa mikono mitupu. Hufanana na malaria, hivyo wapo wanaorudia dawa za malaria bila nafuu. Ukigundulika, hutibiwa kwa antibiotiki kwa takribani wiki sita.

Vidole na viganja vikivimba pande zote mbili, na kijana akiamka amekakamaa kwa zaidi ya nusu saa, huenda ni baridi yabisi. Wengi hudhani ni ugonjwa wa wazee, ila huanza hata kwa vijana, hasa wanawake. Ukicheleweshwa, hupinda vidole moja kwa moja.

Maumivu yanayohama kutoka goti hadi kifundo cha mguu, wiki chache baada ya koo kuuma, yanaweza kuwa homa ya rumatiki. Hii isipotibiwa huharibu valvu za moyo. Kijana aliyeumwa viungo kwa vipindi tangu utotoni, akiwa na upungufu wa damu, apimwe selimundu. Mwenye maumivu ya mgongo yasiyoisha huku akikonda apimwe kifua kikuu, kwani hushambulia hata uti wa mgongo.

Maji nayo yana sehemu yake. Baadhi ya visima Singida vina madini mengi ya floraidi. Shirika la Afya Duniani linashauri yasizidi miligramu 1.5 kwa lita. Dalili ya kwanza ni meno yenye madoa ya kahawia. Yakizidi sana kwa miaka mingi, mifupa hukakamaa na kuuma. Kuchemsha hakuyaondoi. Ulizeni RUWASA wilayani kama kisima chenu kimepimwa.

Usisubiri kesho ikiwa goti au nyonga imevimba ghafla, ina joto na kijana ana homa, ikiwa miguu inakosa nguvu, au ikiwa mkojo umekuwa mweusi kama chai ya rangi baada ya kazi nzito. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo.

Kwa maumivu mengine, yakivuka wiki mbili nenda kituo cha afya. Kabla ya kwenda, keti na kijana mkumbuke yalianza lini, huzidi saa ngapi, homa ipo au haipo, na dawa gani amekwisha kunywa. Majibu hayo humsaidia daktari kuchagua vipimo. Kijana naye atafunguka zaidi akijua kuwa nyumbani anaaminiwa.