Nilivyopata Pembe Yangu

Vijana wengi wa shule yetu wapenda kupiga video kwa simu na kuzitangaza katika TikTok. Likizo iliyopita mimi nami nilijaribu. Nilicheza dansi kama wachezavyo vijana wa Dar es Salaam. Walionitazama ni wenzangu wa bweni tu, tena kwa kunicheka.

Basi nikamfikiri Kili Paul, Mmasai wa Tanzania. Mwaka 2021 yeye na dada yake Neema walijulikana kwa kufuatisha midomo nyimbo za sinema za Kihindi, wamevaa mashuka yao, nyuma yao kijiji. Wapenzi wa nyimbo hizo ni mamilioni, lakini Mmasai wa kuzifuata neno kwa neno nani aliyewahi kumwona? Februari 2022 Waziri Mkuu Modi wa India aliwasifu redioni.

Nami wa Magara najua nini? Ndagala! Usiku wavuvi huwasha taa ziwani, ndagala wakaifuata nuru, na mukeke wakawafuata ndagala wapate kuwala. Mwezi ukiwa mpevu taa hazina nguvu, wavuvi hupumzika.

Nilimwomba baba mdogo anichukue. Mara mbili alikataa, akisema simu haivui samaki. Mara ya tatu alinipa kasia, kwa hiyo nusu ya video ni giza na pumzi zangu.

Waliotazama ni wachache, ila mmoja ni mwanafunzi wa zamani wa hapa, aliye Ulaya. Aliuliza: "Bado mnaanika mchangani?" Nitamwonyesha baada ya mitihani, giza la mwezi likirudi.