Mate ya Mtoto Yanajua Nini?

Katika kliniki yetu ya mama na mtoto hapa Tanga, watoto wengi huanza kulia kabla sijawagusa. Wanaliona koti jeupe, wanaona trei ya pamba na spiriti, wanajua kinachofuata. Mimi ni mtaalamu wa maabara, na sehemu kubwa ya asubuhi yangu ni kutoboa visigino na vidole vya watu wasioweza kujitetea.

Kwa hiyo sikushangaa bibi mmoja wa Pongwe aliponikabili, mjukuu wa wiki sita akiwa kifuani mwake ndani ya kanga. Shikamoo yangu aliipokea haraka haraka, akaingia kwenye neno lake. “Mwanangu, mjomba wa huyu alipimwa VVU kwa kijiti cha mdomoni, hakikutoka hata kitone cha damu. Mwanamume mzima anapanguswa ufizi, kichanga kinachomwa kisigino. Haki hiyo?”

Swali lake lilistahili jibu refu kuliko lile nililompa huku foleni ikinung'unika nyuma yake.

Mate ni maji kwa takriban asilimia 99. Habari ziko kwenye hicho kidogo kinachobaki: vimeng'enya vinavyoanza kusaga wanga, chumvichumvi, kingamwili, chembe zilizobanduka shavuni zikiwa na vinasaba, bakteria wa mdomoni, na mara nyingine virusi. Tezi kubwa za mate ziko jozi tatu: mbele ya masikio, chini ya taya na chini ya ulimi. Zimezungukwa na mishipa myembamba ya damu, na baadhi ya vilivyomo kwenye damu hupenya na kutokea mdomoni. Nasema baadhi. Homoni ndogo zenye asili ya mafuta hupita bila shida. Protini kubwa hupita kwa taabu. Chembe nyekundu za damu hazipiti kabisa ikiwa kinywa ni kizima. Ndiyo maana kipimo cha kawaida cha selimundu, kinachochunguza himoglobini iliyo ndani ya chembe hizo, bado kinataka damu. Mtu akikuletea kipimo cha mate, jambo la kwanza la kumuuliza ni kama kile anachokitafuta hufika mdomoni, na kama kinafika cha kutosha.

Kingamwili za VVU zinafika, hasa kupitia ufizi. Pale jino linapokutana na nyama ya ufizi huvuja majimaji kidogo yatokayo kwenye damu, na hayo ndiyo yanayotafutwa. Kijiti hakitemewi mate, ingawa wapo wanaokitemea na kuharibu kifaa bure. Kinapitishwa ufizi wa juu mara moja na wa chini mara moja, kinatumbukizwa kwenye kichupa chenye maji yake maalumu, kisha unasubiri dakika 20 na kusoma mistari. Kabla ya hapo mtu asile wala kunywa kwa dakika 15, na kama amepiga mswaki kwa dawa ya meno asubiri nusu saa.

Kwa nini basi mjukuu wa Pongwe asipanguswe? Kwa sababu kijiti hakikitafuti kirusi chenyewe. Kinatafuta kingamwili, na mama mwenye VVU humpitishia mtoto kingamwili zake kupitia kondo la nyuma. Mtoto anaweza kukaa nazo mpaka miezi 18 ilhali yeye hana maambukizi hata chembe.

“Bibi,” nikamwambia, “ufizi wa mjukuu wako leo utatueleza habari za mama yake. Habari zake mwenyewe ziko kisiginoni.”

Akanitazama, akamgeuza mtoto, akautoa mguu kwenye kanga. “Basi toboa. Lakini mara moja tu.”

Matone yale hudondoshwa kwenye kadi, yakakauka, kadi ikapelekwa kwenye maabara yenye mashine ya kusaka vinasaba vya kirusi chenyewe. Wala haraka yetu si ya kuwasumbua watu. Watoto walioambukizwa wakikosa dawa, karibu nusu yao hufariki kabla ya kutimiza miaka miwili.

Mtoto mkubwa zaidi ni habari nyingine. Watafiti walikijaribu kijiti cha ufizi Kenya na Zimbabwe kwa watoto wa miezi 18 hadi miaka 18, na hakikumkosa hata mmoja mwenye maambukizi. Faida yake naiona vizuri nikiwafikiria akina mama wanaotumia ARV tunaowahudumia. Mama ana watoto wanne nyumbani waliozaliwa kabla hajajijua, hawajawahi kupimwa. Kuwaleta wote ni nauli ya daladala, ni siku ya shule, ni maswali ya majirani, na yule wa mwisho akisikia neno “sindano” anaingia uvunguni. Mama huyo akifundishwa vizuri, anaweza kuwapima sebuleni kwake. Mimi naunga mkono jambo hilo bila kusita, ila kwa masharti mawili. Mistari miwili si hukumu: mtoto lazima aletwe kituoni athibitishwe kwa damu. Na mtoto ambaye tayari anatumia ARV asipimwe tena kwa kijiti, kwa sababu dawa zinaweza kupunguza kingamwili, kipimo kikasoma hana, mzazi akaenda kuzimwaga dawa akidhani mtoto kapona.

Kuna mahali mate yameishinda damu kabisa, na mtu wa damu kama mimi hapendi sana kulisema. Kirusi cha saitomegalo kikimwingia mtoto tumboni kinaweza kumwachia uziwi. Kati ya sababu za uziwi wa watoto zisizo za kurithi, hicho ndicho kinachoongoza. Marekani walidhani wangekikamata kwa kadi zilezile za damu ya kisigino, lakini damu iliwakosa zaidi ya nusu ya wenye kirusi. Wakageukia mate. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011, watoto wachanga karibu 35,000 katika hospitali saba walipanguswa ndani ya shavu, na mate mabichi yaliwabaini wote wenye maambukizi waliojulikana. Yaliyokaushwa yaliwakosa wachache sana. Sababu ni kwamba kirusi hiki kinapenda tezi za mate, kinazaliana humo na kumwagika mdomoni kwa wingi kuliko kinavyoonekana kwenye damu.

Yapo mashaka mawili madogo. Kirusi hichohicho hutoka kwenye maziwa ya mama, kwa hiyo mtoto aliyenyonya sasa hivi anaweza kuonekana anacho kumbe ni mabaki ya maziwa. Husubiriwa kama saa moja baada ya kunyonya, na jibu likisema anacho, huthibitishwa kwa mkojo. La pili ni muda: kipimo kifanyike ndani ya siku 21 tangu kuzaliwa. Zikipita hizo, huwezi tena kujua kama mtoto alizaliwa nacho au alikipata baadaye. Jimbo la Utah lilipitisha sheria mwaka 2013 kwamba mtoto mchanga asiyefaulu kipimo cha kusikia apimwe kirusi hiki.

Wasomaji wenye ndugu Uingereza huenda wamesikia kuhusu surua. Kule, tangu 1994, mtoto anayeshukiwa kuwa na surua, rubela au matumbwitumbwi hupimwa kwa kisponji. Hutumwa nyumbani kwa posta, mzazi anakisugua kwenye ufizi wa mtoto kwa dakika moja au mbili mpaka kilowe, anakirudisha kwa posta hiyohiyo. Hakuna safari wala foleni, na mtoto mwenye vipele hakai kwenye benchi na kuwaambukiza wengine. Mpango ule unategemea posta inayofika kila mlango. Sisi tunaoishi nyuma ya msikiti, karibu na mwembe, tungelazimika kutafuta njia nyingine.

Kotisoli, homoni ya msukosuko, nayo hupimwa vizuri kwa mate. Kwa kawaida hupanda alfajiri na kushuka usiku wa manane. Mtoto anayenenepa uso na mwili huku kimo chake kimesimama hushukiwa kuwa na kotisoli iliyozidi, na daktari hutaka kujua kama ile ya usiku inashuka. Lakini ukimwamsha mtoto kwa sindano, hofu yenyewe inaipandisha. Kipande cha pamba alichokitafuna kitandani kwake kinasema kweli zaidi.

Sasa niseme yanayonikera. Kila wiki naletewa kikopo cha makohozi kilichojaa povu la mate. Hakina faida. Kifua kikuu cha mapafu kinatafutwa kwenye kilichotoka kifuani, na mtoto mdogo hajui kukitema. Anakohoa na kumeza. Zamani njia ilikuwa kupitisha mpira puani hadi tumboni kabla ya kifungua kinywa, jambo ambalo hata muuguzi shupavu hulifanya kwa huzuni. Siku hizi Shirika la Afya Duniani linakubali choo cha mtoto kipimwe kwenye mashine ya GeneXpert, maana alichokimeza hutokea huko. Kwa hiyo mzazi ukiambiwa ulete choo cha mtoto anayekohoa, usidhani tumechanganyikiwa.

Sukari nayo isikudanganye. Mate yana glukosi kidogo sana, na mdomo una mabaki ya chai na mandazi. Mtoto mwenye kisukari bado anahitaji kidole chake.

Na malaria? Hapa ndipo wengi wangependa habari njema, nami nikiwemo. Mwaka 2019 kundi la Rhoel Dinglasan wa Chuo Kikuu cha Florida lilitangaza kwamba limepata kwenye mate protini ya vimelea vya malaria, katika sampuli zikiwemo za watoto wa Kameruni. Shabaha yao ilikuwa watoto wasio na homa ambao bado wana vimelea vya kuambukiza mbu. Watoto hao hawaji kliniki, wanacheza tu. Ni kazi nzuri, na siku ikiwa kipimo madhubuti nitakuwa wa kwanza kuziweka lanseti kabatini. Lakini kipimo hicho hakimo kwenye droo yangu wala kwenye duka la dawa la mtaani kwako, na anayekuuzia kwa jina hilo anakuibia. Mtoto akiwa na homa leo, mpeleke akatobolewe kidole leo hii hii.