Sufuria ya Mlimani: Mizani ya Dukani Haimalizi Hesabu

Kila bumu linapotoka, washkaji wa kupanda milima huanza kupanga safari: Uluguru kwa siku mbili, au Meru kwa waliojichanga vizuri. Hema linaazimwa, viatu vinaazimwa, na lile jiko dogo la gesi linalofungwa juu ya kimtungi chake linapatikana kwa mchango. Kinabaki chombo cha kupikia, na hapo ubishi unaanza. Mmoja anasema abebe sufuria ya ghetto, mwingine ameona ya titani mtandaoni na anataka kikundi kizima kichange.

Kabla hamjatoa hela, elewaneni kwanza juu ya neno "nyepesi". Mgongo haubebi sufuria peke yake. Unabeba sufuria, gesi itakayotumika na chakula kitakachopikwa. Sufuria nzuri ni ile inayopunguza jumla ya hivyo vyote na bado ikawashibisha.

Tuanze na madini yenyewe. Wengi wanaamini titani ni nyepesi kuliko aluminiamu. Siyo kweli. Kipande cha aluminiamu cha sentimita moja ya ujazo kina gramu 2.7, cha titani 4.5, na cha chuma kisichoshika kutu, yaani stenlesi, karibu 8. Sufuria ya titani inakuwa nyepesi kwa sababu titani ni imara, hivyo kiwanda kinaweza kuitengeneza nyembamba sana. Lakini aluminiamu inapitisha joto takriban mara kumi zaidi ya titani. Kwenye aluminiamu joto linasambaa kitako kizima. Kwenye titani linabaki palepale mwali unapogusa. Kwa maji ya chai haina neno. Songa ugali sasa: katikati umeungua, pembeni bado uji.

Na mnaokoa nini? Sufuria ya titani ya lita moja ina gramu 130 hivi. Ya aluminiamu nyembamba ya ukubwa huohuo ina kati ya 150 na 200. Tofauti yake haifiki uzito wa mayai mawili, ila bei yake inakula fungu zima la bumu.

Sasa angalieni gesi. Kuchemsha lita moja ya maji ya baridi kunatumia gesi kama gramu 15, mfuniko ukiwepo na upepo umezuiwa. Acheni sufuria wazi, upepo uvume, na kiasi hicho kinaweza kuongezeka maradufu. Watu wanne wanaochemsha lita nne kwa siku watatumia gramu 180 kwa siku tatu, kwa hiyo kimtungi kimoja cha gramu 230 kinawatosha. Wakizembea mfuniko watahitaji cha pili, na kimtungi kilichojaa, pamoja na kopo lake, kinakaribia gramu 380. Kumbe mfuniko unaokoa uzito mwingi kuliko titani! Kama sufuria yenu haina, sahani ya bati inayokaa vizuri mdomoni inatosha, na mtailia pia.

Umbo nalo lina kazi. Sufuria pana na fupi inapokea mwali wote kitakoni, wakati nyembamba na ndefu inaacha moto upande pembeni na kupotea hewani. Ila upana una mpaka. Kitako kikizidi sana miguu ya jiko, sufuria itayumba na msosi wote utaenda chini. Tena sufuria pana mno inarudisha joto chini kwenye kimtungi. Gusa kimtungi mara kwa mara. Kikianza kuwa cha moto, zima. Na usizungushie kimtungi kizuizi cha upepo pande zote, kinaweza kulipuka. Kupika ndani ya hema lililofungwa ni hatari nyingine, kwa sababu hewa yenye sumu ya kaboni haina harufu, na mtu anaweza kulala asiamke.

Ukubwa je? Wali unavimba karibu mara tatu. Nusu kilo ya mchele kwa watu wanne itatoa wali wa kama lita mbili, kwa hiyo tafuteni sufuria ya lita mbili na nusu hadi tatu ili kubaki na nafasi ya kugeuzia. Wawili wanatosheka na lita moja na nusu. Anayekwenda peke yake kwa chai na tambi za pakiti, lita moja inamtosha, na huyo ndiye titani inaweza kumfaa, kama hela anayo.

Kumbukeni pia mwinuko. Kwenye kibanda cha Saddle, mlima Meru, mita 3,570 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 88 hivi, siyo 100. Maharage makavu mtayangoja mpaka gesi iishe, na hakuna sufuria nyepesi itakayowasaidia. Bebeni dagaa, karanga, unga, au maharage yaliyokwishapikwa nyumbani na kukaushwa.

Mkienda sokoni, chukueni chupa ya maji ya nusu lita na lile jiko lenu. Pimeni ujazo kwa chupa. Wekeni sufuria juu ya jiko muone kama inatulia. Jaribuni kama kimtungi, chenye upana wa sentimita 11 hivi, kinaingia ndani yake, maana hapo mmeokoa nafasi kwenye begi. Ombeni muuza mchele awapimie uzito kwenye mizani yake. Zile nene zinazoyeyushwa kwa vyuma chakavu ziacheni: ni nzito, na vyuma hivyo vinaweza kuwa na madini ya risasi. Sufuria zetu nyingi hazina mikono, kwa hiyo nunueni na koleo dogo la kushikia. Kipande cha boksi kinafaa ghetto. Mlimani, mikono ikiwa imekufa ganzi kwa baridi, kitawaponyoka pamoja na chakula cha watu wanne.

Mkifuata hayo, aluminiamu ya kawaida yenye mfuniko itawatosha. Hela itakayobaki, nunueni soksi za sufu.